Mshale Usipite Tatu

Kisumu,
3 Machi 2025

Kwa Mama mpendwa,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mwanao, mume wangu. Natumaini goti limepunguza maumivu na kuku hawajafukua tena mboga zako. Sisi tupo, ila wazima hatuko. Naandika kwa sababu wewe mwalimu hutaki habari za mgonjwa kwenye simu, eti nyumba nzima inasikiliza. Obonyo anayeleta samaki huko atakupa barua hii mkononi.

Odongo bado yuko wodini. Figo zimegoma. Wanamsafisha damu, anarudi kitandani amechoka hata kufumbua macho hawezi. Kitu kimoja tu humwamsha: lile gari lake jekundu la mbio. Unajua alivyoifunga injini mpya kwa mikono yake mwenyewe, kisha wiki ileile akaanguka. Sasa amenipa mimi kazi ya kuizoesha barabara. "Mshale usipite tatu," ananiambia, yaani ule wa mizunguko ya injini usipite elfu tatu. "Na usikae spidi moja, Bridget. Panda, shuka, panda, shuka. Ikimaliza kilomita elfu moja tunamwaga oili, halafu mimi natoka hapa naichukua." Kila jioni nampa hesabu ya kilomita, ndipo anakubali kula.

Mama, injini inagonga. Ilianza Jumamosi nilipofika Katito, pale njia ya Kendu Bay inapokata. Kok kok kok, chini kabisa. Niligeuza bila hata kuja kukusalimu, nikiendesha huku nalia. Na kosa ni langu. Karibu na Ahero nilikuwa nimelipita lori la miwa, mshale ukaruka hadi tano. Mara moja tu. Nikimwambia, ataacha kula. Nisipomwambia, atauliza. Nifanye nini?

Binti yako,
Bridget


Pap Onditi,
5 Machi 2025

Bridget wangu, nyar Bungoma, binti wa watu wa Bungoma,

Salamu zimefika. Goti ni lilelile, kuku nimewafungia, mvua bado. Mwandiko wako umepanda mlima kama wa mtoto wa darasa la tatu, nikajua kuna jambo kabla sijasoma neno.

Usimwambie. Nimemzaa, namjua. Alipokuwa mdogo, redio aliyoitengeneza iliungua, akalala anaangalia ukuta mpaka nikamwita mchungaji. Huyo si mtu wa kuambiwa injini yake inakufa akiwa na sindano mkononi. Mdanganye, mwanangu. Mwambie inaimba. Akipona atakukasirikia, nami nitamwambia mimi ndiye niliyekutuma. Akasirike akiwa amesimama, nitafurahi sana.

Gari liache hapo nyumbani, usilitembeze tena. Kilomita zitunge tu. Na wewe ule, maana najua huli. Goti likiniruhusu nitakuja.

Mama yako,
Benta


Kisumu,
14 Machi 2025

Mama,

Hujambo? Na goti? Hali yangu utaijua ukisoma.

Nimedanganya kama ulivyosema. Kila jioni natunga kilomita, hata nasema niliona nini njiani. Jumanne akaniambia, "Nirekodie, niisikie." Nilitoka wodini. Nikaenda kwa jirani yetu Wakhungu, yule wa teksi, maana gari lake lina injini ya aina moja na ya Odongo, nikamwomba aikanyage kidogo nirekodi. Aliniangalia sana, lakini akawasha. Odongo aliweka simu sikioni akafumba macho. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Akataka tena. Ndipo akatabasamu, akasema, "Iko sawa, Bridget. Umeitunza." Akamaliza uji wote. Mimi nikaenda kujifungia chooni.

Shemeji Calvince alimwaga oili ya gari nyuma ya nyumba ili aone shida. Ilitoka inang'aa, Mama, imejaa unga wa chuma. Anasema beringi zinajila zenyewe. Nilipoiona nilikaa chini palepale kwenye matope.

Daktari naye zamani alikuwa akisema "akitoka." Sasa anasema "tuone." Tafadhali njoo, hata kama ni kubebwa. Siwezi tena kukaa pale peke yangu nikitabasamu.

Binti yako,
Bridget


Pap Onditi,
25 Machi 2025

Binti yangu,

Pole, na mimi nijipe pole. Tangu tuachane pale mochari sijui nikuulize hali yako kwa maneno gani. Hapa hema limefika, wageni wameanza kulala. Mazishi ya Odongo ni Jumamosi kama tulivyokubaliana.

Calvince na vijana wenzake wanalitaka gari. Baada ya kuzika watafanya tero buru, kile kishindo cha kufukuza kifo kitoke nyumbani kwetu. Enzi za baba zangu ilikuwa ng'ombe na mikuki; siku hizi ni pikipiki na magari yakinguruma kuzunguka boma. Wanasema haifai mtu wa injini asindikizwe na injini za wengine. Nimewaambia gari ni lako, wewe ndiye wa kusema.

Jambo la pili ni gumu. Ile siku nilipokuja hospitalini ukaenda nyumbani kupumzika, Odongo alinishika mkono akasema, "Mama, ile sauti ilikuwa ya gari la Wakhungu. Mkanda wake unalia, nilimwambia aubadilishe tangu Krismasi. Yangu inagonga, sivyo?" Uso kwa uso nilishindwa kumdanganya. Nikamwambia ndiyo. Akasema alitarajia hivyo. Alipokuwa akizikaza beringi mikono ilikuwa imeshaanza kutetemeka kwa ugonjwa. Aliogopa kuifungua upya, na aliogopa kukwambia kwamba anaumwa. Nikamweleza habari ya lori la miwa. Alicheka kidogo, akasema kuikanyaga mara moja hakuui injini iliyofungwa vizuri. Kisha akaniapisha nisikwambie. "Mwache afikiri amefaulu," ndivyo alivyosema.

Nimekitunza kiapo hicho mpaka leo na hakinipi usingizi. Nisamehe.

Mama yako,
Benta


Kisumu,
26 Machi 2025

Mama Benta,

Salamu leo nimezikosa.

Kwa hiyo alijua. Alijua si mimi, wakati mimi kila nikifumba macho naliona lile lori. Yeye alikuwa anaogopa, mimi nilikuwa naogopa, na kila jioni tukawa tunahesabiana kilomita za uongo. Tungelia pamoja, Mama. Hata siku moja tu, tungeshikana mikono tukalia. Wewe ulikuwa na ukweli wangu na ukweli wake, ukakaa katikati yetu ukanyamaza. Najua alikuapisha. Najua pia ulinionea huruma. Bado nimekukasirikia, tena sana, na ninaandika hivi kwa sababu nikikuona nitashindwa kusema.

Waambie vijana gari linakuja. Calvince atalileta juu ya lori. Lakini kuendesha haendeshi yeye. Nitaendesha mimi, mbele yao wote. Wazee wakiuliza tangu lini mjane akaongoza tero buru, wewe ni mwalimu, wajibu. Mwezi mzima nimekuwa mpole kwa injini hii, na kwa madaktari, na kwa wageni, na kwako. Jumamosi nitaikanyaga mpaka chini. Ipige kelele zake zote, ikatike ikitaka kukatika, na mimi nitapiga zangu humo ndani.

Itazima tu, haiwezi kufika mbali. Ikizima watu watanizunguka. Wazuie. Uje wewe, na hilo goti lako, unifungulie mlango, kwa sababu sidhani nitaweza kushuka peke yangu.

Mke wa Odongo,
Bridget