Shuka la Juu Kabisa

Jumatatu, 3 Juni

Siku ya kumi na nane leo binti yangu anapumua kwa mashine. Yeye yuko wodi ya kutengwa, ghorofa ya tatu. Mimi niko chini kabisa, chumba cha kufulia, nafua mashuka ya hospitali hiyo hiyo. Kati yetu kuna lifti ya nguo tu. Kuingia hakuna, tunachungulia kwenye kioo. Kitanda namba moja, kando ya mlango. Leo amenipa kisogo.

Mume alitoweka mwaka juzi. Mama nimemzika Februari. Sasa huyu, kitinda mimba wangu! Mungu, umenikalia kooni. Nimeshasema.

Jumatano, 5 Juni

Nina siri. Mashuka mawili nimeyashonea msalaba mdogo kwenye pindo. Uzi mweupe kwenye kitambaa cheupe — huuoni mpaka upapase. Yanapokezana: moja likiwa kwenye maji, jingine nalikunja mwenyewe, naliweka juu kabisa ya toroli la wodi ya kutengwa. Miaka kumi na moja niko hapa, na kila dobi anajua: shuka la juu huenda kitanda cha kwanza. Nikikunja, naomba. Ombi fupi. Niachie huyu. Basi.

Mimi, niliyegoma kwenda kanisani tangu mazishi! Wifi yangu akijua atanicheka mpaka basi. Yeye akiomba, mtaa wa pili wanaitikia amina.

Mvuke ulikuwa mwingi leo. Mzee Sabuni, yule wa mashine kubwa, alimezwa humo, ikabaki sauti yake ikilalamikia goti. Nikasinzia nimesimama. Nikamwona binti yangu anakuja katikati ya mashuka yaliyoanikwa, anainua hili, anainua lile, anacheka, hafiki. Nilipozinduka uso umelowa. Mvuke au machozi, sijui.

Jumapili, 9 Juni

Homa imepanda. Wifi alikuja tukasimama wote kiooni. Akasema tuyaachie mapenzi ya Mungu. Nikamwambia mapenzi hayo ayapeleke kwake! Akanishika mkono, tukabaki hivyo. Ana kiganja cha moto, sikuwahi kujua.

Jumatano, 12 Juni

Siku gani hii.

Nilipanda kiooni saa ya mapumziko. Sista wa zamu, yule mrefu, akatoka kuvua glavu. Nikamuuliza habari. Za binti, vilevile. Lakini akatabasamu — wana bibi kitanda cha kumi na mbili, dirishani, hana ndugu hata mmoja, walikuwa wanamhesabia siku. Sasa anakaa mwenyewe! Anaomba chai! Anasema shuka lake lina msalaba, anaushika kwa vidole usiku kucha, malaika ndiye aliyeushona.

Nikauliza, na shuka la juu, mnampa nani? Akanishangaa. La juu limeshika vumbi la kwenye lifti, akasema, kwa hiyo wao hupindua furushi zima kwanza. La chini ndilo la kitanda cha kwanza. La juu humalizia kumi na mbili. Siku zote.

Siku zote! Na sisi huku chini, wajuaji, hakuna aliyewahi kupanda kuona.

Nilirudi nikajifungia kwenye stoo ya sabuni. Nikamsema Mungu kama unavyomsema mtu wa nyumbani. Kwamba nilimtuma kwa mwanangu, akashukia kitanda kingine. Kwamba ananiona mjinga. Nililia mpaka maneno yakaisha. Halafu nikakaa tu juu ya gunia. Kukawa kimya, kimya chepesi, cheupe, na sikuwa peke yangu mle ndani. Siwezi kueleza zaidi ya hapo. Mzee Sabuni akagonga mlango akauliza kama nimefia humo.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeliweka chini kabisa. La kwangu, kwa mwanangu. Juu nimeweka shuka tupu. Sikujisikia vibaya hata kidogo asubuhi.

Saa nane sista akapiga simu ya chumba cha kufulia, na kwao hilo si kawaida. Akauliza kama kuna dobi mgonjwa. Bibi wa kumi na mbili amepapasa pindo zote nne leo, hakuna kitu, analia. Si kwamba anautaka msalaba. Ana wasiwasi na mshonaji. Anasema mtu anayeshona hivyo ana jambo zito, na yeye humwombea kila asubuhi, hilo jambo lake limwishie. Tangu siku ya kwanza.

Nikasema hapana, dobi ni mzima. Nikakata simu. Nikashindwa hata kukunja foronya.

Ijumaa, 14 Juni

Asubuhi nimeweka yote mawili. Moja chini, moja juu. La kesho sina, nitashona.

Daktari ameamua leo. Wanamtoa mpira kooni waone kama atapumua mwenyewe. Akishindwa — hakumalizia, na mimi sikumlazimisha. Sista amesema nisubiri huku huku, atateremka mwenyewe na lifti ya nguo, ndiyo ya karibu.

Naandika nimekaa kwenye kreti. Mzee Sabuni amezima mashine bila kuambiwa. Miaka kumi na moja sijawahi kusikia chumba hiki kimenyamaza. Maji yanadondoka mahali. Mvuke unapanda polepole, unanipitia. Ajabu, siogopi. Au naogopa, ila kuna aliyeshika upande wa pili wa shuka.

Nimefumba macho kuomba, na nimejikuta nimeanza na yule bibi. Dirisha lake, chai yake. Nimechukua muda naye. Ndiyo kwanza nimefika kwa mwanangu, nimetaja jina lake tu, sijaongeza neno —

Taa ya lifti imewaka. Tatu. Mbili. Mzee Sabuni amevua kofia. Moja