Mwaka wa Tatu, Mara ya Pili

Jumatatu, 17 Januari

Mapumziko nimekaa tena nyuma ya darasa, upande wa mihogo. Huko hapiti mtu. Nimekula hindi langu la kuchemsha polepole ili liishe pamoja na mapumziko. Limeisha kabla.

Niko mwaka wa tatu wa sekondari. Mwaka wa tatu nilishaumaliza Bukavu, mchepuo wa biokemia, na nikafaulu. Hapa Nyakarenzo, Rwanda, wamenirudisha kwenye mwaka uleule. Wanasema makaratasi ya Kongo ni ya Kongo. Tena sasa wanafundisha kwa Kiingereza. Kifaransa changu, kilichonipa heshima kule, hapa kimekuwa noti ya zamani ya Zaire. Unayo, ila hununui kitu.

Nywele wameninyoa. Sheria ya shule. Asubuhi kichwa kinapata baridi.

Mama amebaki Bukavu na biashara yake ya vitenge. Mwaka jana walimu wa kule waligoma hadi tukakaribia kusahau njia ya shule, ndipo akanivusha mpaka nije kukaa na mdogo wake, Mama Mudogo, aliyeolewa huku. Mama ndiye aliyeniita Furaha. Hakuniuliza.

Jumatano, 19 Januari

Salma anajua Kiswahili!

Salma anakaa dawati lililo mbele yangu. Sijawahi kusikia kitu kinywani mwake isipokuwa Kinyarwanda. Baba yake ni fundi cherehani pale senta, Mwislamu aliyehamia kutoka Kamembe. Jioni nimepita na kidumu cha maji, nikamsikia baba anaita: "Salma, leta pasi, moto inazimika!" Na yeye ndani: "Nakuya, Papa!"

Kiswahili chetu kabisa. Nimesimama barabarani na kidumu kichwani kama mjinga. Nimejisikia kulia, na si kwa huzuni. Asubuhi nitamsalimia.

Alhamisi, 20 Januari

Nimemsalimia. Nimemuuliza kwa Kiswahili ameamkaje. Wasichana wengine walikuwa karibu. Ameniangalia kama vile dawati ndilo lililosema, akajibu: "Sinumva."

Hilo nalijua. Ni la kwanza nililojifunza hapa, maana nalihitaji kila saa. Sielewi.

Wamecheka. Mmoja ameiga sauti yangu huku akitembea kama anayeuza samaki. Mama Mudogo anasema nisishangae, huku wengi wanakiona Kiswahili kuwa lugha ya sokoni na ya madereva, na anayekuanza nayo anataka kukupunja.

Namchukia Salma. Wale wengine hawajui wanachocheka. Yeye anajua.

Ijumaa, 21 Januari

Prefe ameniita ofisini. Ndiye anayesimamia masomo ya shule nzima, na ndiye pekee anayenisemesha Kifaransa. Habari kubwa. Watanipima. Hesabu, kemia, biolojia, kwa siku moja. Nikifaulu, naenda mwaka wa nne, sayansi. Shule hii inaishia mwaka wa tatu, kwa hiyo nitahamia shule ya bweni kule Nkanka, kando ya ziwa. Nikishindwa, nabaki hapa na mwaka wangu umeliwa.

Siku haijulikani bado. Mwalimu wa kemia yuko mafunzoni. Akirudi, nitaambiwa.

Nataka maabara. Bukavu tulikuwa na hadubini moja kwa darasa zima. Siku zamu yangu ilipofika niliona ganda la kitunguu: vyumba, vyumba, vyumba, vimepangwa, na mimi nimekaa miaka yote nikikata vitunguu bila kujua. Mwalimu akanivuta shati nitoke, wengine wanangoja. Tangu siku ile sijataka kitu kingine. Nikipita kituo cha afya namwonea wivu laborantini, mpimaji wa maabara, na yule baba wa watu anachofanya ni kuchoma watoto vidole.

Jumapili, 23 Januari

Mama amekuja baada ya misa na sambaza za kukaanga, dagaa wa ziwa letu. Nimemwambia sina mtu wa kuongea naye.

"Bantu utabapata," amesema. "Mwaka, ikienda imeenda."

Ni kweli, watu hupatikana, mwaka haurudi. Lakini si yeye anayekaa kwenye mihogo. Sikumwambia hivyo. Aliondoka mapema awahi mpaka. Nimekula sambaza zote siku hiyohiyo, kisha tumbo likaniuma. Ndiyo habari ya Jumapili.

Jumanne, 25 Januari

Ninaiba Kinyarwanda. Nanyamaza, nasikiliza, nachukua. Mengine ni ndugu zetu kabisa, wamevaa tu kofia: umuntu, amazi, inyama. Mengine hayana undugu na mtu.

Leo nimepata moja kwa akili yangu mwenyewe. Mwalimu wa historia aliwauliza walifanya nini "ejo". Wakaeleza ya jana: nani alikwenda kuchota maji, nani alinyeshewa. Basi ejo ni jana. Hakuna aliyenifundisha. Nimetembea hadi nyumbani nikilisema.

Jumamosi, 29 Januari

Umuganda, kazi ya jamii ya kila mwezi. Kijiji kizima tumezibua mifereji ya barabara. Salma alikuwepo na baba yake. Ameniangalia mara nyingi. Mimi nimeangalia jembe.

Mchana nimesoma. Kiingereza kinanitoa jasho, lakini kemia ina huruma. H2O haina pasipoti. Nikiona fomula napumua, naona uso ninaoujua. Hesabu vilevile. Biolojia ndiyo maneno matupu. Nimeyabandika ukutani juu ya kitanda, na Ineza, mtoto wa Mama Mudogo, amechana mawili.

Naweza kufaulu. Nimeliandika ili nilione. Naweza.

Jumatano, 2 Februari

Sikwenda shule. Mama Mudogo ameamka na homa, amekwenda kituo cha afya, na mume wake yuko kazini Kamembe hadi mwisho wa wiki. Nimebaki na Ineza. Amelia, nimemwimbia, amelia zaidi. Mama Mudogo ana malaria. Wamempa vidonge.

Alhamisi, 3 Februari

Imekwisha.

Tulipokuwa tunatoka, Salma amekuja kwangu. Wasichana wanne nyuma yake. Nikafikiri labda leo atanisemesha. Akasema haraka, bila kuniangalia: "Ikizamini cyawe ni ejo." Prefe ndiye aliyemtuma. Halafu akaenda zake.

Ikizamini ni mtihani. Cyawe ni wako. Ejo.

Ulifanyika jana. Jana, nilipokuwa nambembeleza Ineza. Siku moja sikwenda, na ndiyo siku hiyo. Ningekuwa mwingine ningekwenda kugonga kwa prefe. Nilikwenda hadi mlangoni. Nikasikia wanaongea ndani, nikawaza nitasema nini, kwamba nilikuwa nalea? Nikageuka.

Mama Mudogo bado anatetemeka kitandani. Sikumwambia. Ninaona hasira na sina wa kumpa.

Ijumaa, 4 Februari

Nimesema tumbo linaniuma. Sikwenda shule. Nimepalilia maharage hadi mgongo ukakataa. Nimeng'oa na machache yenyewe.

Jumapili, 6 Februari

Siku mbaya. Mama aliuliza habari za mtihani. Nikalia, nikasema yote, pamoja na ile siku ya homa. Mama akamgeukia mdogo wake.

"Nilikupatia mutoto asome! Sikukupatia yaya!"

Mama Mudogo alikuwa amekaa mkekani, bado hana nguvu. Aliinua Ineza, akaingia ndani. Mama aliondoka bila kula. Wao wawili hawajawahi kuachana hivyo.

Ningekuwa na mahali pengine pa kulala leo, ningekwenda.

Jumatatu, 7 Februari

Sijui nianzie wapi.

Prefe amenikuta uwanjani asubuhi, amenikasirikia kwa Kifaransa mbele ya watu. Ijumaa nilikuwa wapi? Yeye na mwalimu wa kemia walikaa na mitihani mezani asubuhi nzima wakinisubiri.

Ijumaa?

Nikasema niliambiwa mtihani ulikuwa Jumatano. Akasema haiwezekani, Alhamisi alimtuma Salma aniambie ni kesho yake. Nikasema ndiyo, amesema ejo. Prefe akafunga macho, akaniambia jambo ambalo nchi hii yote inalijua isipokuwa mimi: ejo ni jana, na ejo ni kesho. Neno ni moja. Wao wanatambua kwa kitenzi.

Lugha gani hiyo! Wanajuaje kama wamechelewa?

Salma akaitwa. Prefe alimuuliza alinieleza kwa lugha gani. Salma akaangalia viatu vyake. Akamwambia, nilikuchagua wewe kati ya wote kwa sababu ya Kiswahili chako. Mikono ya Salma ilikuwa inakunja sketi. Prefe akasema amechoka na sisi, mtihani ulishapita, twende darasani.

Nje, darasa zima liko madirishani. Nilikuwa nimeshapiga hatua kuondoka. Salma akasema nyuma yangu, kwa sauti, kila mtu akasikia:

"Furaha, unisamehe. Nilijua kusema kesho. Niliogopa banicheke."

Na wakacheka kweli, hapohapo. Hakukimbia. Nilikuwa na maneno ya wiki tatu kinywani, nikaingia nayo darasani.

Jumanne, 8 Februari

Salma alirudi kwa prefe jana jioni, peke yake. Amesema kosa ni lake, aadhibiwe yeye. Prefe amemsikiliza: atafagia uwanja wiki nzima wakati wa mapumziko, na mimi nitafanya mtihani kesho.

Mapumziko nilimwona na fagio, wengine wanamwita Mama Samaki. Nimechukua fagio la pili. Si kwa wema. Nilitaka tu kuongea.

Tumeongea! Hatukunyamaza hata kupumua. Anaogopa vyura. Anataka kuwa mwalimu wa hesabu. Kule Kamembe mtaani kwao wote walisema Kiswahili, na alipohamia hapa walimcheka mwaka mzima, ndipo akakizika. Baba yake anafikiri shuleni hana taabu yoyote. Nilisahau kumchukia. Uwanja haujafagiliwa vizuri.

Jioni nimemwambia Mama Mudogo ukweli kuhusu ejo. Amecheka hadi akashika ukuta. Na yeye alipoolewa, neno hilo lilimtesa. Kisha ameacha kucheka, akasema, "Umuambie mama yako. Mimi sina kinywa cha kumwambia." Ameniazima simu, nikampigia Mama nikamweleza. Mama akaomba azungumze na mdogo wake. Nimetoka nje nikawaacha.

Jumatano, 9 Februari

Nimefanya. Hesabu: nzuri. Kemia: nzuri sana. Biolojia: nimejibu kuhusu seli kwa Kiingereza cha kuokota, na mahali nilipokosa neno nimechora kitunguu.

Ijumaa, 11 Februari

Nimefaulu. Jumapili naenda Nkanka.

Prefe amenipa mkono. Amesema naweza pia kumaliza mwaka hapa nikipenda, ni ruhusa, mwakani nitakwenda bila haraka. Aliona uso wangu, nadhani. Nilisema nitafikiri.

Nimefikiri. Nimefikiri hadi nikapata wazo la aibu: nibaki. Nisome tena niliyoyasoma, lakini nifagie na Salma. Mwezi huu siku nilizocheka ni hizi nne tu. Nani anaziacha?

Nimemwambia Salma. Nilidhani atafurahi. Ameweka fagio chini.

"Uende. Ukibakia hapa sababu ya mimi, nitakuchukia."

Amesema kweli, nimemwona. Halafu akalia, na mimi nikamwambia ananichekesha, na hakuna aliyecheka.

Jumapili, 13 Februari

Mama na Mama Mudogo wamenisindikiza wote wawili, wamebeba godoro kila mmoja upande wake, wanabishana njia. Baba yake Salma amenishonea sketi ya shule bila kunipima. Inanikaa. Salma hakuja. Alisema kwaheri za barabarani hazipendi. Nimeangalia nyuma mara nyingi kuliko inavyofaa.

Alhamisi, 17 Februari

Nkanka. Kitanda changu ni cha juu. Dirishani naona ziwa, na ng'ambo, hewa ikiwa safi, naona Bukavu. Nilifikiri itanisaidia. Ni afadhali asubuhi, kunapokuwa na ukungu.

Wasichana si wabaya. Wanajuana tangu mwaka wa kwanza, ndiyo shida yao. Wananipisha mlangoni. Wananisogezea chumvi.

Maabara ipo. Ina hadubini tatu na bomba la maji linalofanya kazi. Nimegusa meza zote nilipokuwa napita.

Leo mwalimu wa kemia ameuliza swali, akangoja, hakuna aliyeinua mkono. Nimeinua. Nimejibu kwa Kiingereza, nimesimama wima, na jibu lilikuwa sawa. Ameandika ubaoni kama nilivyosema.

Tangu asubuhi sijasema neno lingine kwa mtu yeyote.