Programu ya Flashi ya Shemeji

Jumanne usiku

Bado sielewi kwa nini shemeji Elia, mume wa dada, alikuwa na haraka vile.

Alitoka Ihumwa kuja huku Kongwa kunisaidia kutengeneza kompyuta ya ofisi ya taaluma ya shule, ile yenye alama za wanafunzi wote, maana ilikuwa imegoma kuchapisha. Akachomeka flashi yake, akaanza kusakinisha programu ya printa. Kompyuta ikaandika kwamba programu hiyo inategemea kifurushi cha zamani, yaani programu saidizi, na ili kukiweka itabidi iondoe vingine, pamoja na programu ya matokeo.

"Bonyeza Y ukubali, shemeji," akasema.

"Subiri. Imeandika itaondoa matokeo."

"Huwa inatishia tu. Huniamini?"

Nikabonyeza N. Akacheka, lakini hakunitazama.

Alipoondoka, nikaitafuta programu ileile kwenye hazina rasmi ya Linux, mfumo unaoendesha kompyuta ile, ambako programu hupakuliwa mtandaoni. Amri moja tu. Ikaja na vyote inavyovitegemea, isiondoe kitu. Printa ikatoa karatasi safi. Nilifurahi kidogo, halafu nikaanza kuwaza. Kama ilikuwepo huko siku zote, ile ya flashi ilikuwa ya nini?

Jioni dada akapiga simu. "Mume wangu karudi amenuna. Kwani umemwona kuwa mwizi?"

Labda hajui kazi tu, na aliona aibu mbele yangu. Labda...

Nilimwomba dada msamaha, na nilimaanisha. Kisha nikabadilisha nywila ya kompyuta.