Padri Modesti na Mkewe

Viki, shika simu!! Nimeaibika leo hapa dukani, natamani nifunge nihamie Kabwe kule ziwani nikauze samaki, migebuka.

Zile kadi za harusi ya Anjela nilizochapa juzi. Mama yake kaingia sasa hivi, hata shikamoo yangu hakuitikia. Kaweka kadi mezani. "Kauthar, soma kwa sauti."

Nikasoma. PADRI MODESTI NA MKEWE.

Padri, Viki! Na mkewe! Na Padri kaifungua mbele ya kwaya nzima!

Ni ile plagini, kale kaprogramu kanakoongeza "na Mkewe" kwa kila jina kwenye templeti ya kadi. Na mimi NILIKAZIMA! Niliandika kabisa kwenye setingi. Kumbe huu mfumo unasoma mistari kuanzia juu, na mimi amri ya kuzima nikaiweka chini ya mstari unaopakia plagini. Yaani inafika kazi imeshaisha. Mstari mmoja tu!

Nikamwambia, "Samahani mama, ni kompyuta."

"Kompyuta ndiyo iliyomwozesha Padri?"

Padri na mkewe, Viki, mimi huyu!

Eti Padri mwenyewe kasema atakuja, ila mkewe ana udhuru. Kwaya ikacheka mpaka ikakosa sauti ya kuimba.

Sasa nimerekebisha, nachapa upya. Lakini kadi za mtaa wenu baba yake Anjela alishazipeleka asubuhi. Yako imo.

BI. VICTORIA NA MKEWE.

Kimbia nyumbani kabla mama yako hajaifungua.