Prizi Tatu za Mama Divine

Muzee Rajabu,

Salamu zitangoja. Kinyaa kimenikaa kooni tangu Jumanne, na wewe ndiye uliyenifunza kwamba ukuta mchafu husuguliwa kwanza. Basi niache nisugue.

Niliitwa mtaani Kanyosha kwa mjane mmoja, Mama Divine, anayepika chakula cha kuuza. Ukuta wa jikoni kwake, juu ya sinki, umebandikwa karo nyeupe, vigae vya kung'aa, na katikati kuna prizi tatu za kuchomekea vyombo vya umeme. Muzee, ule si ukuta. Karo zimemegwa kwa koleo kama tonge la ugali. Matundu ni makubwa kuliko vifuniko vya prizi, na mianya imezibwa kwa katoni iliyopakwa saruji nyeupe juu. Katoni imeoza. Nilipofungua kifuniko cha kwanza wakatoka mende, wengi, na nyuma yao harufu ya mafuta ya samaki mukeke yaliyochacha. Prizi zenyewe zimezama ndani, skrubu hazishiki. Ukichomoa birika, prizi inakufuata mkononi na nyaya zake, hatua moja kutoka kwenye maji.

Mdomo wangu unaujua. Nikamwambia Mama Divine kwamba aliyefanya kazi hii ni mchafu, hakufunzwa na mtu, na mikono ile asiilie chakula. Yeye alikuwa anachambua majani ya lengalenga.

Nikabandua kipande cha kwanza, nikakigeuza. Mgongoni mwake palikuwa na mistari mitatu ya penseli, wa katikati mrefu.

Yako. Kila karo uliyoikata uliitia alama hiyo, ukisema, "Aliyekata ajibu." Wewe uliyenibomolesha ukuta mzima pale Bwiza kwa sababu ya mwanya wa unene wa kucha! Wewe uliyesema kifuniko cha prizi si nguo ya kufichia uchi. Nilikuchukia, Muzee. Nakwambia wazi, maana marehemu wanasifiwa mno hapa mjini. Nilikuchukia palepale nikiwa nimesimama juu ya stuli.

Mama Divine akaona nimekikodolea macho kile kipande. Akauliza, "Unamujua mwenye alifanya hii kazi?"

Nikajibu, "Apana. Mi simujui."

Nikakitia kile kipande mfukoni kama mwizi.

Njiani nikaanza kukumbuka. Kazi ile uliifanya macho yako yalipokuwa yameshaingia ukungu, na mimi nimeshakuacha, nimekimbilia jengo la tajiri mmoja kule mtaa wa Asiatique, vyoo kumi na viwili vinavyofanana. Ulinipigia simu. Ulisema una kakazi ka jikoni, kana prizi, ungependa nije nikushikie. Nikasema nitakuja Jumapili. Jumapili nilikwenda kutazama mpira. Hukupiga tena, na nilifurahi kwamba hukupiga. Hapo kinyaa kikauacha ukuta kikanigeukia mimi, na hakijatoka.

Jana nilirudi. Nikazima umeme, nikabandua kila kitu, nikaua mende mpaka kiatu kikanata. Karo mpya nilizikata ulivyonionyesha: kuchora kwanza, kutoboa pembe nne, kisha kukata polepole huku maji yakidondoka. Prizi nikazisogeza mbele zikawa sawa na uso wa karo, skrubu zikashika. Lakini kabla ya kubandika mkono ulikataa. Nikashuka kwenye stuli, nikamwambia Mama Divine kwamba fundi yule ndiye aliyenifunza kazi, nilimwacha peke yake, na juzi nilimkana.

Hakushangaa. Alisema, "Najua. Ni yeye aliniandikia numero yako ya simu. Alisema, 'Hii kazi nimeiharibu, macho yamekataa, usiite mutu mwingine, kijana wangu atakuja.' Nilikuita mara mbili mwaka jana, ukasema uko na kazi kubwa."

Akanitolea karatasi. Namba ulizoandika zimepandana, moja juu ya nyingine. Sijui hata alizisomaje. Nililia, Muzee, huku mikono imejaa gundi ya karo, nisiweze hata kujifuta.

Kumbe wewe ulikuwa umeshajibu, tena kwa mdomo wako, mbele ya mwenye nyumba. Nilikuwa nimebaki mimi.

Karo zimekaa. Nimepitisha ukucha kwenye kila prizi, pande zote nne, hauingii. Migongoni nimechora mistari yako mitatu, na chini yake nimeandika jina langu lote, nisiwe na pa kujificha. Kile kipande ulichokimega kiko kwenye sanduku langu la vifaa, juu kabisa. Bado kinanitia kinyaa kila nikifungua. Kibaki hapohapo.

Mola alipanue kaburi lako, Muzee wangu. Mtu akiniuliza tena, hata mbele ya ukuta ulio mbovu kuliko ule, sitangoja amalize. Nitamwambia ninakujua.

Yusufu