Dawa Niliyoitangaza Mimi

Alhamisi, 6 Machi
Nimechuma majani ya chai kilo kumi na tisa kabla ya saa nne. Mvua. Kemunto wangu amenitumia picha kwa simu kutoka maabara yake ng'ambo. Protini ya kile kijidudu kinachonyausha migomba yetu. Kama uzi wa sufu uliojikunja. Anaigandisha kwenye barafu nyembamba, anapiga picha maelfu kwa darubini ya elektroni. Moja moja hazionyeshi kitu; kompyuta inazipanga mpaka umbo linatoka. Mtoto niliyembeba mgongoni katika chai hii hii! Nani mwingine hapa Itumbe aliye na mtoto wa hivyo? Hakuna.

Sabato, 8 Machi
Baada ya ibada nimewaonyesha akina mama wote. Mke wa mzee wa kanisa ametafuta miwani. Nikasema Kemunto ameshapata dawa ya mnyauko. Imenitoka tu. Vigelegele! Nimefurahi sana.

Jumanne, 25 Machi
Nimepita kwa jirani, Mama Moraa. Mgomba wake mmoja ulikuwa umegeuka njano wiki ile niliyotangaza dawa. Leo ni kumi na miwili. Kila mtu hapa anajua: ukiona mmoja, kata, panga pitisha motoni lisieneze ugonjwa. Nikamuuliza, mbona hajakata?
"Nikate ya nini, na wewe ulisema dawa ya Kemunto inakuja?"
Anacheka. Ndizi hizo ndizo zinazomlisha yeye na wajukuu.

Jumatano, 26 Machi
Nimempigia Kemunto. Amesema: "Mama, nimeona umbo tu. Dawa labda miaka mingi, labda isipatikane. Mwambie akate leo."
Sikwenda kwa Mama Moraa. Nimejiambia ni mvua. Haikuwa mvua.

Sabato, 29 Machi
Nimesimama mbele ya kanisa. Nimesema dawa hakuna, nilidanganya, kateni. Nikaongeza kwamba umbo lile hakuna aliyewahi kuliona kabla ya mwanangu. Hiyo ni kweli, sikuweza kuiacha. Hakuna aliyepiga kigelegele.

Jumapili, 30 Machi
Tangu asubuhi tunakata, mimi na Mama Moraa. Iliyougua ni kumi na saba sasa. Hakunitukana, afadhali angenitukana. Adhuhuri ndipo akasema, "Mama Kemunto, mdomo wako huo ufungwe kwa kamba ya mgomba." Tukacheka kidogo. Nimempelekea mkungu mmoja wa ndizi zangu, amepokea. Pasipo migomba, jua sasa linafika mpaka mlangoni kwake. Tumekaa hapo, tumefumba macho kidogo, hatujazoea.