Wimbo wa Tatu Hatukuutoa

Da Mwajuma,

Shikamoo. Ni mara ya kwanza nakuamkia na hunijibu, kwa hiyo naandika haraka haraka, maana nikianza kulia siwezi kushika kalamu na leo nina mengi ya kukuambia.

Miezi saba sasa. Kwanza nikutoe wasiwasi: kundi letu la nyimbo lipo. Ulituacha kumi na tisa, tukashuka hadi kumi na wawili, leo tuko ishirini na sita. Mazoezi bado ni Jumapili asubuhi, palepale uani kwako Ilala. Wifi yako bado anatuletea chai ya tangawizi, na bado anatusema. Juzi kasema, "Mwajuma alikuwa na kelele, lakini kelele zake zilikuwa na sauti. Nyie mna kelele tupu." Tukacheka, tukaanza wimbo upya.

Lakini nina kinyongo, na wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kinyongo kisemwe kikiwa cha moto. Siku ya mazishi yako, chini ya turubai, msimamizi wa jengo letu alishika kipaza sauti. Yuleyule. Aliongea dakika kumi na nne, nilizihesabu kwenye simu. Akasema ulikuwa mama mpole, uliwaburudisha wapangaji wenzako, hukuwahi kugombana na mtu. Wewe. Wewe uliyepanda ngazi hadi ofisini kwake mara tano kumwambia funguo za fremu za maduka zitolewe chini, mezani, mchana, mbele ya watu. Sisi kumi na tisa tulikuwa tumekaa kwenye mikeka na hakuna aliyepewa nafasi ya kusema hata neno moja. Nilikasirika mpaka machozi yakakauka. Nadhani ndiyo maana yananitoka sasa.

Unakumbuka ile runinga yako juu ya majora ya vitenge? Nilipofika kutoka Masasi ukanipokea dukani kwako ghorofa ya tatu, kazi yangu ya kwanza ilikuwa kukunja khanga, na ya pili kutazama na wewe filamu za Kihindi zenye mtu anayetafsiri kwa Kiswahili cha mtaani. Mimi nilikuwa namtazama yule dada wa mbele, alivyovaa, alivyokata kiuno. Siku moja ukanizuia mkono nikiwa na khanga, ukaniuliza, "Esta, wale nyuma yake wako wangapi?" Nikahesabu. Arobaini na wanane. Ukasema, "Sasa angalia. Yule akitekwa na wabaya, hawa arobaini na wanane wako wapi? Hawapo. Wimbo ukianza tena, hao wamerudi na nguo mpya. Hatua zote wanazijua, na hakuna hata mmoja mwenye jina. Wale ndio sisi wa ghorofa ya tatu."

Na taarab ulivyokuwa unaipenda na kuigombeza, vyote pamoja. Tulitoka harusini Buguruni ukaniambia nihesabu nyimbo ambazo mwanamke anampasha mwanamke mwenzake. Kumi na tisa kati ya ishirini na mbili. "Na yule mwanamume wanayemgombania?" ukauliza. Nikasema hajatajwa popote. Ukasema, "Kakaa kwenye kiti anakunywa soda. Sisi tunachaniana nguo kwa mashairi, yeye anapiga makofi."

Kutoka hapo ndipo ulipotunga mchezo wetu, nyimbo tano, hadithi moja ya wanawake wanaotafuta fremu Kariakoo. Ukaweka sheria kwamba hakuna nyota. Kipaza sauti kinapita kila wimbo, na wanaoitikia ndio wenye wimbo. Mimi nilikununia wiki nzima, unajua, kwa sababu nilijiona nina sauti kuliko wote. Ukaniambia, "Sauti unayo. Masikio huna." Mpaka leo inaniuma, na mpaka leo ni kweli.

Wimbo wa tatu ndio ulioukunja mchezo wote ndani yake.

*Kodi nimeitimiza, faragha yako ya nini?*
*Fremu iko barazani, waniitia chumbani?*

Ukachukua desturi ya kutunza ukaigeuza. Kwenye taarab mtu akiguswa na mstari anainuka, anaenda mbele kumtunza mwimbaji, na ukumbi mzima unajua kwamba yale maneno ameyachukua yawe yake. Ukasema kwetu hatutatunza kwa noti. Nikakata vipande vya kitenge kutoka mwisho wa jora, kila mwanamke akapewa kimoja mlangoni. Yamekukuta? Inuka, kakiweke begani kwa mwimbaji, rudi ukae. Hujamtaja mtu, hujaulizwa shahidi. Kwenye mazoezi waliinuka watatu. Mimi sikuinuka. Ulinitazama, ukatazama pembeni, hukuniuliza kitu mpaka umekufa.

Sasa sikiliza kilichotokea.

Baada ya arobaini yako, msimamizi aliniita. Akasema Siku ya Wanawake atatupa uwanja wa nyuma ya jengo, viti, spika na turubai. Alikuwa mtamu kama halua. "Dada Esta, tumuenzi mama yetu kwa furaha. Ila ule wimbo wa katikati, nasikia una maneno ya kuchonganisha. Utoeni tu. Nyimbo nne zinatosha." Halafu, nikiwa nimeshafika mlangoni, akasema ile fremu ya chini ya kona ananiwekea mimi.

Fremu ya kona, Da Mwajuma. Unajua nimekaa ghorofa ya tatu miaka tisa, wateja wanafika juu wamechoka kabla hawajauliza bei. Nikamjibu, "Nimekusikia." Yeye akalichukua kuwa ndiyo.

Sitakudanganya, niliwaza siku mbili. Nilipiga hesabu zote. Nikajiambia wimbo ni wimbo, mwakani tutaurudisha. Jumapili nikawaambia wenzangu kwamba tunaweza kuutoa mara hii moja. Rehema ndiye aliyesimama, yule binti anayeuza mikoba aliyejiunga mwezi wa mwisho wa uhai wako. Mpole, huwa hata salamu anatoa kwa kunong'ona. Akasema, "Da Esta, mimi wiki iliyopita niliambiwa nipande juu nikachukue ufunguo. Nimesema nitaenda na mama, nimenyimwa fremu. Mkiutoa huo wimbo mimi mtaniambia niimbe nini?" Nikawaambia wimbo unabaki. Sikuwaambia kuhusu kona.

Siku yenyewe tulianza saa nne asubuhi. Viti mia mbili vikajaa, wengine wakasimama kwenye ngazi. Msimamizi alikaa mbele na wageni wake, kanzu imenyooka. Wimbo wa kwanza akatunza. Wa pili akatunza tena, noti kazishika juu kama anapepea moto, watu wamwone. Unajua anavyopenda kuonekana.

Zamu ya kipaza sauti kwa wimbo wa tatu ilikuwa yangu. Ulivyoutunga unaanza polepole, laini, kama wa kumsifu bwana harusi. Yeye hakuwahi kuusikia, aliambiwa tu upo. Na alikuwa anaamini tumeutoa. Kwa hiyo nilipofika "Kodi nimeitimiza", akainuka. Noti mkononi, bega la kushoto, bega la kulia, anakuja. Akafika katikati ya uwanja wakati mimi na wenzangu tunatoa mstari wa pili.

Waniitia chumbani.

Halafu sauti ya bibi mmoja ikatoka kule nyuma: "Mpisheni, jamani. Mwenye wimbo wake kafika."

Da Mwajuma, uwanja ulivyocheka. Hata wageni wake walicheka. Akawa hajui aje mbele au arudi, na noti bado iko juu. Wakati anafikiria, Rehema akainuka na kipande chake cha kitenge. Akampita kama anavyopita nguzo. Akaja mwingine, wa viatu vya watoto. Akaja mama wa mapazia, ana wajukuu yule. Foleni ikajipanga yenyewe kumzunguka, na kicheko kikaisha taratibu, watu walipoelewa kwamba hili si la kuchekwa. Nilikuwa naimba na kuhesabu. Kumi. Ishirini na moja. Thelathini na saba. Mabega yangu yalikuwa mazito kwa vitambaa.

Ule mstari tuliurudia mara nyingi mno, kwa sababu walikuwa hawaishi kuja. Walipokwisha, nikampa kipaza sauti wa pembeni yangu na kushuka jukwaani. Nilikuwa na kipande changu mfukoni tangu siku ile ya mazoezi. Nikapanga foleni peke yangu, nikapanda tena upande wa pili kama mgeni, nikakiweka begani kwa yule niliyemwachia kipaza sauti.

Mimi ni wa thelathini na nane. Nilipanda juu miaka tisa iliyopita. Mara moja. Ufunguo nikaupata, na tangu siku hiyo watu wananisifu kwamba Esta kajitengeneza mwenyewe, na mimi naitikia ahsante. Nimekuandikia hapa kwa sababu wewe ulikuwa unajua, na ulinisubiri, na mimi nilichelewa.

Wenzangu waliitikia tu, kwa nguvu zaidi.

Mwenye jengo alipelekewa habari. Leo funguo zinatolewa chini, mezani, mchana, na mezani wamekaa wapangaji wawili wanawake. Msimamizi bado yupo, anasalimia watu akiwa anatazama simu. Fremu ya kona kapewa jamaa wa kava za simu. Mimi nipo palepale juu, na Rehema kapata fremu mlango wa pili kutoka kwangu. Anaongea sasa, anachosha.

Wiki iliyopita walikuja kina mama wa Buguruni, wanataka tuwafundishe mchezo. Wamesema wataanza na nyimbo nyepesi, ule wa tatu wauache kwanza mpaka wakubwa wao wawazoee. Nikawaambia vizuri tu, huku nawamiminia chai, kwamba tunakuja na tano au hatuji. Wametazamana. Jana wamepiga simu. Tunaenda.

Pumzika, Da Mwajuma. Mungu akulaze pema, mimi namwomba kwa namna ya kwetu na wenzako wanamwomba kwa namna yako. Nakuahidi kitu kimoja tu, kwa sababu ahadi nyingi huwa sitimizi: popote mtu atakaposema ulikuwa mpole, nitanyoosha mkono niombe kipaza sauti.

Mimi mwanao wa dukani,
Esta